Korogwe yenye mto, Handeni yenye watu

Na Mwandishi Wetu, Korogwe na Handeni

*Reli, mkonge na Mto Pangani vilijenga mji wa Korogwe. Handeni haikujaliwa hata kimoja, lakini sensa zinaonyesha ndiyo yenye watu wengi zaidi. Sasa miji hiyo miwili ya Mkoa wa Tanga inategemea maji ya mto mmoja.*

Katika Kata ya Mswaha, wilayani Korogwe, maji ya Mto Pangani hupita yakiwa na rangi ya udongo yaliyoubeba njia nzima kutoka kaskazini. Hapo ndipo serikali ilipochagua kuweka choteo na chujio la kupeleka maji Handeni, mji ulioko juu kwenye uwanda, mbali na mto wowote wa kudumu.

Kazi hiyo ni sehemu ya mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Mikataba ya ujenzi ilisainiwa Ikulu ya Chamwino, Dodoma, Juni 2022. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika fungu moja.

Kwa watu wa Handeni hii si ahadi ya kwanza. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi unaojulikana hadi leo kwa kifupi chake, HTM (Handeni Trunk Main), uliovuta maji kutoka mto huohuo, katika wilaya hiyohiyo ya Korogwe. Mitambo ikachakaa, mabomba yakazeeka na watu wakaongezeka. Wananchi wakarudi kwenye malambo, visima na madumu yanayobebwa kwa bodaboda.

Jambo la kushangaza ni kwamba ukame huo haukuwafukuza watu.

Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Halmashauri ya Mji Korogwe kuwa na watu 68,308. Halmashauri ya Mji Handeni ilikuwa na watu 79,056. Miaka kumi baadaye, sensa ya Agosti 2022 ilikuta watu zaidi ya 86,000 Korogwe na karibu 109,000 Handeni. Pengo lililokuwa la watu wasiofika 11,000 lilikuwa limezidi 20,000.

Mji wenye mto, stesheni na barabara kuu umepitwa na mji unaonunua maji kwa dumu. Imekuwaje?

> Mwaka 2012 Handeni Mjini iliizidi Korogwe Mjini kwa watu wasiofika 11,000. Mwaka 2022 pengo lilikuwa limezidi 20,000.

Njia ndizo zilizohamisha watu

Ukiichunguza historia ya eneo hili, utaona kila zama ikifungua njia mpya, na kila njia ikiwavuta watu kutoka pale walipokuwa.

Katikati ya karne ya 19 mamlaka yalikuwa milimani. Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa ukoo wa Wakilindi, aliitawala Usambaa kutoka Vuga, na nguvu zake zilifika hadi pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848. Bondeni, ambako leo pana Korogwe, palikuwa na vijiji vya kando ya mto tu.

Kimweri alifariki mwaka 1862 na ugomvi wa kurithi kiti ukaanza. Mwanawe Semboja hakung'ang'ania milima. Aliweka makazi yake Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara ya Bonde la Pangani. Kwa kuishika njia hiyo alizipata bidhaa na bunduki, na kwa bunduki hizo akaiangusha Vuga.

Mazinde ipo hadi leo katika Wilaya ya Korogwe, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi. Tangu wakati wa Semboja, aliyekaa njiani ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko aliyekaa juu.

Reli yaingia mwaka 1902

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, kisha fedha zikaisha na kampuni iliyokuwa ikiijenga ikashindwa kuendelea. Serikali ya kikoloni ikaichukua, na mwaka 1902 garimoshi likafika Korogwe. Mombo ilifikiwa miaka michache baadaye, na Moshi mwaka 1911.

Jiografia ndiyo iliyochagua mahali pa stesheni. Korogwe iko pale Bonde la Lwengera, linaloitenganisha Usambara Mashariki na Magharibi, linapokutana na Mto Pangani. Reli isiyotaka kupanda milima ilipaswa kupita hapo. Mazao ya milimani, kutoka Bungu na Vugiri, yalipaswa kushukia hapo.

Kabla ya reli kufika kwa miaka tisa, mbegu ya pili ya mji ilikuwa imeshapandwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ilipandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na michache hiyo mashamba yakapanda bonde: Hale, Mwelya, Magunga, Ngombezi, Magoma, hadi Mazinde.

Manamba na korona

Mkonge ulihitaji watu wengi kuliko waliokuwepo. Wasambaa na Wazigua walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kukata majani ya mwiba kwa ujira mdogo. Wenye mashamba wakaenda kutafuta vibarua mbali: Songea, Kigoma, Mbeya, hata nje ya mipaka ya Tanganyika. Mwaka 1944 waliunda chombo maalumu cha kuwaandikisha na kuwasafirisha, SILABU.

Hao ndio manamba. Wengi walimaliza mkataba wakarudi kwao. Wengine walioa, wakajenga na kuzikwa hapahapa. Ndiyo maana hadi leo utakuta Korogwe familia za Kiha, Kibena, Kingoni na Kimakonde zilizoishi mjini vizazi vitatu, na watoto wao hawana Kiswahili kingine ila cha Tanga.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Mtu aliyeishi karibu na kiwanda alilala na kuamka na mngurumo wa korona, mashine ya kusaga majani na kutoa singa.

Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa takriban tani 20,000 tu. Maelfu ya watu waliokuwa na mshahara, nyumba ya kambi na zahanati ya shamba walibaki na ardhi isiyo yao na mkonge uliozeeka.

> Kutoka tani 230,000 mwaka 1964 hadi takriban 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990: Korogwe ilibaki na reli isiyo na mzigo.

Handeni: njaa, mbung'o na reli ya mkono

Kabla Korogwe haijaanza kupokea watu, Handeni ilishaanza kuwapoteza.

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikumba Uzigua, nchi ya Wazigua ambamo Handeni imo. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, na wengi waliishia majahazini, wakauzwa utumwani pwani ya Benadir, Somalia. Baadhi yao walitoroka wakaenda kuishi katika misitu ya Mto Juba, na huko wakaendelea kusema Kizigua.

Mwanahistoria James Giblin, aliyeandika kwa kina kuhusu mazingira ya Uzigua kuanzia mwaka 1840 hadi 1940, ameonyesha mfululizo wa misiba iliyofuata: sotoka ya ng'ombe na njaa katika miaka ya 1890, kisha vita, kisha njaa nyingine chini ya Waingereza. Kila watu walipohama au kufa, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o. Penye mbung'o ng'ombe hawaishi, na pasipo ng'ombe familia inakosa akiba ya mwaka wa ukame.

Reli ya maana haikufika. Handeni iliwahi kupata njia ya vyuma mara moja tu, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipotandika reli nyembamba ya vitoroli kutoka Mombo ili kuhamisha shehena kuelekea Reli ya Kati. Vitoroli vilisukumwa kwa mikono ya watu. Juni 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Korogwe na Handeni ndani ya mwezi huohuo, na njia hiyo haikuwa tena na kazi.

Hata reli ya kiungo kati ya Mnyuzi na Ruvu, iliyofunguliwa mwaka 1963 kuunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati, ilipita mashariki na kuuacha mji wa Handeni kando.

Kutoka Handeni hadi Marekani, na kurudi

Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliifufua habari ya Wazigua wa Juba. Walipokimbia, baadhi hawakwenda kambi za Kenya bali walishuka hadi Tanzania, wakisema wanarudi kwa mababu. Serikali iliwapokea Mkuyu, wilayani Handeni, kisha ikawatengea makazi ya Chogo. Baadhi yao wamekwisha kupewa uraia.

Wenzao waliobaki kambi za Kenya walikuwa miongoni mwa Wasomali Wabantu zaidi ya 12,000 ambao Marekani ilianza kuwapokea kwa wingi mwaka 2003. Baadhi walikwenda Lewiston, jimbo la Maine, mji wenye watu 37,121 kwa sensa ya 2020. Nao ni mji wa mto na viwanda: ulikua kwa viwanda vya nguo kando ya Mto Androscoggin, ukadorora vilipofungwa. Wazungumzaji wa Kizigua ni sehemu ya watu walioujaza upya.

Historia hiyo inaondoa dhana kwamba Uzigua ilikuwa na watu wachache kwa asili yake. Ilikuwa na watu, ikanyang'anywa.

Hesabu yageuka

Kwa hiyo ongezeko la Handeni ni la eneo lililokuwa na nafasi. Ardhi ya kulima ipo, na mbung'o wamepungua kadiri vichaka vilivyofyekwa. Mahindi, mihogo, ufuta na alizeti hulimwa kwa wingi, huku upande wa Kabuku, Mkata na Segera machungwa yakijaza malori yaendayo Dar es Salaam. Wafugaji wa Kimasai na Kiparakuyu wamekuwepo kwa muda mrefu, na ng'ombe wao hulisha minada ya wilaya.

Wilaya ya Kilindi ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002, makao makuu yakiwa Songe. Mwaka 2012 eneo lote lililokuwa wilaya moja lilikuwa na watu 592,535. Halmashauri mbili za Korogwe kwa pamoja zilikuwa na watu 310,346. Mji wa Handeni ndio soko, hospitali na stendi ya sehemu kubwa ya umati huo.

Kisha ikaja lami. Kilomita 65 kutoka Korogwe hadi Handeni na kilomita 54 kutoka Handeni hadi Mkata zilibadili safari nzima. Zamani, mtu wa Handeni aendaye Dar es Salaam hakuwa na uhakika wa kufika masika. Sasa basi hutoka Chanika, katikati ya mji, likashukia Mkata kwenye barabara kuu bila kuiona Korogwe.

Njia nyingine mbili zinafuata. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Ipo pia barabara ya kwenda Kibirashi, Kibaya hadi Singida, ambayo ikikamilika kwa lami itaifanya Handeni kuwa lango la bara.

Hata hivyo hesabu isomwe kwa uangalifu. Mipaka ya halmashauri ya mji si mipaka ya nyumba zilizobanana. Kata kama Kideleko, Konje na Kwamagome bado zina mashamba mengi. Korogwe nayo ina Mgombezi na mkonge wake ndani ya mji. Mwenye kushuka stendi zote mbili siku moja anaweza kuapa kwamba Korogwe ndiyo mji mkubwa, na kwa macho hatakosea sana.

> Sensa huhesabu vichwa, haihesabu mabomba. Handeni imeshinda kwa vichwa.

Msomera: wageni, wenyeji na ardhi

Suala la watu Handeni haliwezi kuandikwa bila kukitaja kijiji cha Msomera. Juni 2022 serikali ilianza kuwahamishia huko wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro. Kila kaya iliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu, ekari 2.5 za makazi na ekari tano za shamba.

Hoja ya serikali ni kwamba watu wa Ngorongoro walikuwa takriban 8,000 mwaka 1959 na sasa wanazidi 100,000, hivyo hifadhi imelemewa, na kwamba anayehama anahama kwa hiari.

Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2024, lilipinga: hiari haipo pale huduma za afya na elimu zinapopunguzwa ili mtu aone bora aondoke. Upande wa tatu ni wa wenyeji wa Msomera wenyewe, ambao baadhi walilalamika kwamba ardhi waliyokuwa wakiilima na kuilishia mifugo iligawiwa wageni.

Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi Ngorongoro na nyingine ya zoezi la kuhama.

Msomera haielezi ukubwa wa mji wa Handeni. Iko katika halmashauri ya wilaya, na sensa ya Agosti 2022 ilifanyika miezi miwili tu baada ya kundi la kwanza kuwasili. Lakini inaeleza kitakachokuja: ardhi iliyoitwa tupu ina watu, na kila kaya mpya, iwe ya mkulima au mfugaji, inadai maji.

Mto mmoja, madai mengi

Na maji yote ya kutumainiwa yako Pangani. Mto huo huanzia vijito vya Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hushuka na kuifikia bahari baada ya kilomita takriban 500.

Njiani kila mtu anausubiri. Wakulima wa umwagiliaji wako juu. Viwanda vya mkonge vinahitaji maji mengi kuosha singa. Hale pana mitambo ya umeme ya megawati 21 iliyojengwa mwaka 1964, na chini yake Pangani Falls ya megawati 68, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1990. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi, iliundwa mwaka 1991 kwa sababu ugomvi wa mto huu ulikuwa umeshaonekana.

Sasa mji wa Handeni unaongeza dai lake. Wanaoutetea mradi wanasema mtu anatangulia mtambo na shamba, na sheria za maji za nchi zinaweka matumizi ya nyumbani mbele. Hoja hiyo ni sahihi.

Walioko Korogwe nao wana hoja yao: chanzo kiko kwao, uharibifu wa kingo na moto wa milimani watahangaika nao wao, basi vijiji vinavyopitiwa na bomba visibaki kulitazama tu. Nayo ni sahihi.

Kinachokosekana ni meza moja. Handeni inapanga kama mji wenye watu, Korogwe inapanga kama mji wenye mto, na vitu hivyo viwili haviwezi kutengana.

Korogwe baada ya mkonge

Korogwe haijafa. Mabasi ya Arusha, Moshi na Lushoto bado yanasimama, na wauza matunda bado wanakimbilia madirishani. Safari za treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi zilirejeshwa Desemba 2019 baada ya kukoma kwa takriban robo karne, na stesheni ya mwaka 1902 ikapata abiria tena.

Mkonge nao umerudi kwa sura nyingine. Serikali iliuweka katika mazao ya kimkakati, na wakulima wadogo wa Magunga, Ngombezi, Hale, Mwelya na Magoma hulima vipande vyao na kusindika kwa pamoja. Lengo lililotangazwa lilikuwa tani 120,000 ifikapo mwaka 2025. Uzalishaji ulikuwa bado mbali nalo.

Mji una sifa nyingine ambayo wakazi wengi hawaijui. Watoto wa Korogwe na Kilifi, Kenya, ndio walioshiriki utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S uliochapishwa mwaka 2008, ukionyesha kinga ya asilimia 53. Korogwe ikawa tena miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vya jaribio kubwa la mwisho, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi mapana ya chanjo hiyo Oktoba 2021. Mji unaoweza kazi ya namna hiyo hauna sababu ya kuishi kwa kumbukumbu za korona.

Kabla ya sensa ya 2032

Semboja aliliona jambo hili mapema kuliko wahandisi: watu hufuata njia. Lakini Handeni inaongeza funzo la pili. Njia huleta watu, maji ndiyo huwakalisha. Mji usio na maji ya bomba utaendelea kuongezeka vichwa huku kipindupindu na vumbi vikiongezeka pamoja navyo.

Halmashauri nne za Korogwe na Handeni, mbili za miji na mbili za wilaya, zinapaswa kukaa pamoja na Bodi ya Bonde na kukubaliana mambo matatu: ulinzi wa kingo za Pangani na Lwengera, mgawo wa maji wakati wa ukame, na upimaji wa ardhi unaowatambua waliopo kabla ya kuwakaribisha wanaokuja. Wabunge na madiwani wa pande zote mbili waulizwe jambo hilo kila wanapoomba kura.

Sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2032. Kwa mwendo wa miaka kumi iliyopita, Handeni Mjini itakuwa imekaribia watu 150,000, na mto watakaoutegemea ni huohuo.